Mtulinga wa Bwana Jaribu

Mume wangu ni fundi wa kufuli na funguo, na kuna neno moja ambalo kila mteja analitaka na yeye hajawahi kumpa mtu. Neno lenyewe ni "tayari." Akimaliza kuchonga ufunguo anaupuliza vumbi la chuma, anaufuta kwa kitambaa, anakunyooshea, halafu anasema, "Jaribu mwenyewe." Uwe na haraka, uwe na gari linakungoja, uwe umeona kwa macho yako kufuli likifunguka mikononi mwake, haikusaidii kitu. Utauzungusha wewe, kwa vidole vyako, mbele yake, ndipo akuachie uende zako. Kwake kazi haijaisha mpaka mwenye mlango ameridhika kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Jaribu. Na mimi, kwa kosa la kuolewa naye, naitwa Mama Jaribu, wakati watoto niliowazaa hakuna hata mmoja mwenye jina la ajabu namna hiyo.

Tunafanyia kazi kwenye kibaraza kimoja, mbele ya nyumba. Upande wake kuna meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila unene, na ukuta mzima wa funguo zinazoning'inia. Upande wangu kuna cherehani na vitambaa vya watu. Katikati kuna pazia nililolitundika mwenyewe, kwa sababu lile vumbi lake la chuma na nguo nyeupe za wateja wangu haviivi chungu kimoja. Katika ndoa yetu tumegombania vumbi kuliko jambo lingine lolote. Ng'ambo ya barabara yuko kinyozi, ambaye kazi yake ya pili ni kusikiliza tukigombana.

Basi nisimseme vumbi tu, nimseme na kazi yake. Siku hizi kuna mashine zinazonakili ufunguo kabla hujamaliza kupiga miayo. Yeye hana mashine. Ukimletea kitasa ambacho ufunguo wake umepotea kabisa, anachukua kipande cha ufunguo kisicho na meno, anakipaka moshi wa mshumaa mpaka kiwe cheusi, anakiingiza na kukizungusha kidogo. Kisha anakitoa na kukiangalia. Pale kitasa kilipouma, ule weusi umekwanguka. Anapiga tupa mara moja hapo, anapaka moshi tena, anaingiza tena. Anajaribu, anapunguza, anajaribu, anapunguza, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Nimemwona akifungua hivyo sanduku la chuma la mama mmoja mjane ambalo watu walishataka kulikata kwa msumeno, na yule mama akaondoka na sanduku lake zima bila mkwaruzo. Siku hiyo nilijivuna mpaka nikasahau kumkumbusha afagie.

Sasa, mtu wa namna hii ndiye aliyeanguka.

Alikuwa kwenye duka la dawa, barabara ya pili, anafunga komeo la juu mlangoni. Kigoda kikateleza mguu mmoja, naye akashuka na bega la kulia moja kwa moja mpaka sakafuni. Kinyozi ndiye aliyekuja kuniita, na taulo la mteja bado liko begani kwake. Nilipofika nilimkuta mume wangu amekaa chini, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, jasho jembamba linamtoka, na anamwambia mwenye duka, "Dada, hebu panda ulijaribu hilo komeo kwanza, isije ikawa halifungi." Mwenye duka analia, yeye anauliza habari za komeo. Nilitamani kumpiga, ila alikuwa ameshaumia.

Hospitali walimpiga picha ya eksirei. Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke, umri wa binti yetu wa kwanza, sauti ya chini, viatu vya raba. Aliiweka ile picha kwenye mwanga akatuonyesha. Ulikuwa ni mtulinga, huu mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani, nao ulikuwa umekatika katikati.

"Mzee, mifupa hii huwa inaunga yenyewe," alisema. "Inachotaka ni utulivu. Mkono ukae kwenye kitambaa, usiunyanyue, usishike tupa wala nyundo, mpaka nikuambie mimi."

"Na usipounga?"

"Usipounga, mkono huu hautapanda tena juu ya bega."

Aliposikia hivyo aliuinamia mkono wake, nami nikajua kwa nini. Kuchonga ufunguo ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni milango yenyewe, na milango ina makomeo ya juu na bawaba za juu. Mkono usiopita bega ungemkalisha kwenye kiti maisha yake yote, na mume wangu hakuumbwa kukalishwa. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na tulirudi nyumbani kila mmoja amelibeba.

Kile kitambaa walichompa cha kuning'inizia mkono kilikuwa chepesi, mimi nikamshonea kingine cha kaki iliyobaki kwenye sare za shule, mishono miwili miwili, pembeni nimeweka kifungo. Kilimkaa vizuri mpaka kinyozi akauliza kama nashona na vya watu wasiovunjika. Mume wangu alikaa kwenye meza yake mkono kifuani, akiwapokea wateja kwa maneno tu. Alikuwa mpole. Mimi nikamsifu kwa majirani kwamba safari hii amesikia la mtu, na kumbe nilikuwa najisifia bure.

Tuliporudi kupigwa picha nyingine, daktari aliitazama kwa muda mrefu. Ule ufa ulikuwa palepale, mweusi, kama siku ya kwanza.

"Mzee, huu mkono unautumia?"

"Hapana."

Na mimi nikadakia. Nikasema tangu aanguke hajashika hata kijiko kwa mkono ule, mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati, mimi ndiye shahidi. Daktari akasema basi tungoje tena kidogo. Ikiwa bado, itabidi apelekwe hospitali kubwa apasuliwe, awekwe chuma, na hata hivyo hakuwa na hakika kama mkono utarudi kama zamani.

Kesho yake asubuhi nilitoka kwenda kumpima nguo mteja, nikasahau futi yangu nikarudi. Kibarazani hayupo. Nikapita nyuma ya nyumba, na huko, karibu na kamba ya kuanikia, nikamkuta. Kitambaa changu cha kaki kinaning'inia shingoni kama skafu. Mkono wa kulia anaupandisha ukutani, polepole, uso ameukunja kwa maumivu, anafika mahali anasimama, anaushusha. Halafu akainamisha kichwa upande. Nilikijua kile kichwa.

"Unafanya nini?"

Hakushtuka hata. "Naujaribu."

"Unajaribu nini?"

"Mfupa. Nitajuaje umekaa sawa bila kuujaribu?"

Nikamuuliza ni mara ya ngapi, akasema kila asubuhi, tangu tulipotoka hospitali mara ya kwanza, mara moja tu, kidogo tu, aone umefikia wapi. Kila asubuhi! Mfupa wa watu unajitahidi kushikana, yeye anauachanisha kila siku aone kama umeshikana. Damu ilinichemka. Nilimpa vidonge vyake pale pale, vingine vya siku hiyo na vingine vya vumbi la tangu tuoane. Nilimwambia nimesimama mbele ya daktari nikawa shahidi wa uongo kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sijui njia nyingine ya kutengeneza kitu."

Na lilikuwa kweli. Maisha yake yote hakuna alichokitengeneza bila kukijaribu katikati. Nikamvalisha kitambaa, nikachukua sindano na uzi mnene, nikamshonea mkono wa shati kwenye shati lenyewe, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Nikampeleka hospitali hivyo hivyo. Barabarani watu wanatutazama, na wala sikujali.

Nilitegemea daktari atamfokea, na kusema kweli nilikuwa nimekuja kusikia anavyofokewa. Hakumfokea. Nilipomaliza kumshitaki alivuta kiti akakaa mbele yake, akamuuliza anafanya kazi gani hasa. Mume wangu akamweleza yote: moshi wa mshumaa, kuingiza, kuzungusha, kutoa, kuangalia, kupiga tupa. Daktari akawa anauliza maswali kama mtu anayetaka kujifunza. Kisha akainuka, akaenda pembeni, ambako kulikuwa na mifupa ya plastiki imetundikwa kwenye chuma, mtu mzima asiye na nyama, akauchomoa mtulinga wake.

"Mzee, sisi madaktari huu hatuuiti mtulinga. Vitabuni unaitwa klavikula. Unajua ni nini?"

"Ugonjwa?"

"Ni Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Klavis ni ufunguo. Klavikula ni ufunguo mdogo."

Mume wangu alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Daktari, usinitanie. Mimi mgonjwa."

"Sikutanii. Na Warumi hawakuwa wa kwanza. Kabla yao Wagiriki walikuwa na neno lao, kleis. Ufunguo wa mlango waliuita kleis, na mfupa huu nao waliuita kleis. Neno moja kwa vyote viwili."

"Kwa nini?" aliuliza. Na jinsi alivyouliza, akisogea mbele mpaka mshono wangu ukavutika, nikajua amenaswa.

Daktari akasema funguo za siku hizo hazikuwa hizi zetu za mfukoni. Ulikuwa mchuma mrefu, umepindwa huku ukapindwa na huku. Unaupitisha kwenye tundu la mlango, ncha yake inalikamata komeo lililoko ndani, unauzungusha, komeo linasogea. Akauweka ule mfupa wa plastiki mapajani kwa mume wangu. Kweli, ulikuwa umepinda mbele ukapinda na nyuma. Wengine wanasema jina lilitokana na umbo hilo, alisema daktari, na wengine wanasema linatokana na jambo lingine, na wataalamu wenyewe mpaka leo wanabishana.

"Jambo gani lingine?"

Daktari akanigeukia. "Mama, naomba bega lako."

Akamwambia mume wangu aweke vidole vya mkono wake mzima, ule wa kushoto, juu ya mtulinga wangu, na mimi ninyanyue mkono taratibu mpaka juu kabisa. Nikanyanyua. Mpaka usawa wa bega hakusema kitu. Nilipopita bega, vidole vyake vikatulia, akainamisha kichwa upande. Tumeishi wote tangu ujana wetu na hajawahi kunisikiliza vile.

"Unazunguka," alisema.

"Unazunguka," daktari alikubali. "Mkono ukipita bega, huo ufunguo unazunguka mahali pake. Sasa niambie wewe fundi. Ufunguo umevunjika katikati, ukaulehemu. Utauzungusha kitasani kabla haujapoa?"

"Utakatika palepale."

"Na wewe kila asubuhi unafanya nini?"

Aliutazama ule mfupa mapajani, akaupitisha kidole gumba kwenye mipindo yake, mbele na nyuma. Nami nilikaa nikamwona mtu mzima akielewa jambo, na sikutaka kuharibu kwa neno lolote, jambo ambalo kwangu si dogo.

"Nani atajua umepoa?" aliuliza mwishoni.

"Mimi nitakuambia."

"Na nani ataujaribu?"

"Utaujaribu mwenyewe, mzee. Nani mwingine?"

Basi tulitoka pale kichwa kimemvimba. Fundi alikuwa kila siku akiambiwa kwamba kazi yake ni ya kukaa barazani, ni kazi ya vyuma chakavu, na leo amegundua kwamba watu wenye elimu zao, tangu enzi na enzi, walipotafuta jina la mfupa wa bega walikwenda kulichukua kwa fundi funguo. Hakufika nyumbani. Alivuka barabara kwanza kwenda kwa kinyozi.

"Unao mfupa wewe?" alimuuliza.

"Ninayo mingi."

"Nakuuliza mfupa wa kazi yako. Mimi ninao hapa. Umeandikwa vitabuni, Kilatini na Kigiriki."

Kinyozi akajishika kichwa. "Mimi nina nywele tu, kaka, na zenyewe za watu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nilipoingia ndani nilijiambia, tazama mume wako. Amevunjika, hana kazi, hajui kama mkono utapanda, na bado anatembea kama mtu aliyepewa medali. Nilimwonea fahari, nasema wazi.

Ziara iliyofuata alikwenda hospitali peke yake kuonyesha mshono wangu haujafunguliwa, akarudi na habari nyingine. Alikuwa amemuuliza daktari kama fundi cherehani naye hana kitu mwilini. Daktari akamwambia kwamba mifupa ya fuvu imekutana kwa mistari inayopindapinda, na ile mistari inaitwa sutura, Kilatini tena, maana yake mshono. Akanishika kichwa, akanipitisha kidole kuanzia utosini. "Hapa," alisema. "Kila daktari unayemwona, kichwa chake kimeshikwa na mshono. Mimi niko begani, wewe uko juu yangu." Nikamwambia hilo mbona nalijua siku zote. Ila nilikwenda nikasimama mbele ya kioo na kujigusa utosi, nikaona raha. Na ukifikiri, sisi wenyewe mfupa wa gotini tunauita pia ya goti, kana kwamba kuna mtoto anaichezea pale chini. Daktari alisema Warumi hapo waliona kisufuria. Kila mtu ametazama mwilini akaona vyombo vya nyumbani kwake.

Sasa likaja jambo la ule ufunguo wa Wagiriki. Daktari alikuwa amemwonyesha picha yake kwenye simu, na mume wangu akawa hali vizuri. Alitaka kuuona kwa macho ukifanya kazi. Lakini mkono wa kulia umeshonwa, na wa kushoto ni wa kushikia chai. Akanitazama mimi.

"Hapana," nilisema.

"Sijasema kitu."

"Nimekuona ulivyotazama. Hapana."

Siku ile ile nikavuka pazia. Sijawahi kushika tupa, na yeye alinikalia kooni kama mwalimu wa mtihani. Bana chuma zaidi. Usisukume kwa hasira. Nikamwambia hasira ninayo, nitaiweka wapi? Tukachukua nondo nyembamba, tukaibana kwenye jiliwa, nikaivalisha bomba nikaipinda kwa uzito wangu wote. Ikapinda kupita kiasi. Nyingine ikapinda upande usiotakiwa. Tukatafuta ubao wa mlango mzee, nikautoboa tundu, nyuma yake tukaweka komeo la mti linaloteleza, na kwenye komeo nikachonga pengo la kukamatwa na ncha ya ufunguo. Kila nilipojaribu, ncha ilipita pembeni. Napunguza, najaribu, napunguza. Sketi yangu ilijaa vumbi la chuma na sikuweza kumlaumu mtu.

Na yeye alikaa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mume wangu. Kukaa mbele ya jiliwa lake, kuona mkono mwingine unakosea kitu ambacho wake ungekimaliza kabla chai haijapoa, na asinyanyue hata kidole. Mara mbili niliona bega lake linataka kuruka. Alilishika kwa mkono wa kushoto akaliambia tulia, kama unavyomwambia mtoto msibani. Asubuhi nilipotoka kwenda kwa wateja sikuwa na haja ya kurudi kuchungulia.

Daktari alipoiweka picha nyingine kwenye mwanga, hata mimi niliona bila kuambiwa. Ule ufa mweusi ulikuwa umezungukwa na wingu jeupe, nene, kama mahali palipolehemiwa.

"Umeshika," alisema daktari. "Umepoa, mzee."

Nikaukata mshono wa shati palepale kwa mkasi wa hospitali. Akaanza kufundishwa mazoezi. Mkono ukapanda mpaka kifuani, siku nyingine mpaka kidevuni, mwisho ukafika usawa wa bega. Ukakwama.

Tulingoja. Kila siku anaupandisha, ukifika begani anaushusha. Daktari akamshika, akampapasa, akampiga picha tena, akasema mfupa ni mzima, misuli ni mizima, kilichobaki ni yeye. Mume wangu akasema, "Umefika mwisho wake, daktari. Tushukuru hapo." Akasema ataweka kiti kizuri kibarazani, ataacha kazi za milango, umri nao umekwenda.

Nilijua anasema uongo. Alikuwa anaogopa. Mtu ambaye alimlazimisha kila mteja wa mji huu ajaribu kwa mkono wake, safari hii mwenye kitasa ni yeye na hataki kujaribu. Aliwahi kuuvunja mfupa ule upya kila asubuhi kwa kuujaribu, na sasa alikuwa hauamini tena. Siku nzima nilishona nikiwaza, nikashona mguu wa suruali upande wa ndani nje.

Asubuhi iliyofuata, yeye akiwa bado anaoga, nilimwita kinyozi na misumari. Tuliuchukua ule ubao na komeo lake, tukaupigilia kwenye nguzo ya kibaraza. Kinyozi akauliza, "Hapa?" Nikamwambia juu. "Hapa?" Juu zaidi. Tukauweka mahali ambapo tundu lilikuwa juu ya kichwa cha mume wangu, nikalisukuma komeo likafunga, naye kinyozi akarudi kwa wateja wake.

Alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Nani ameweka juu hivyo?"

"Mimi."

"Ushushe."

Nilikwenda kwenye meza yake nikachukua ule ufunguo, mchuma mrefu wenye mipindo miwili, kazi ya mikono yangu. Nikaupuliza vumbi. Nikaufuta kwa kitambaa. Nikamnyooshea upande wa mkono wa kulia.

"Jaribu mwenyewe," nilisema.

Kinyozi ng'ambo ya barabara alizima mashine yake. Mume wangu akaweka kikombe chini, akaupokea ufunguo, akasogea kwenye nguzo. Mimi nikasimama ubavuni kwake nikaweka vidole vyangu juu ya mtulinga wake, palipo na kinundu pale ulipounga.

Mkono ukapanda. Ukafika begani, ukasimama. Nilibonyeza vidole tu ajue nipo. Halafu ukapita. Chini ya vidole vyangu nikausikia ule mfupa ukianza kuzunguka, mzima, bila kukwama, kinundu chake kinapita chini ya kidole changu. Ufunguo ukaingia tunduni. Akauzungusha. Komeo la mti likateleza likagonga ubavu wa ubao, na kinyozi akapiga makofi akiwa na kichana mkononi.

Mume wangu hakuushusha mkono mara moja. Alibaki hivyo, ameunyanyua, macho yamemjaa maji na hakuyaficha. Akauchomoa ufunguo, akaigeuza ile ncha karibu na uso, akapitisha kidole gumba mahali nilipopiga tupa nikakosea na mahali nilipopatia.

"Hii ncha yote umeichonga wewe?"

"Wewe ulikuwa umekaa."

Akanirudishia kwa mkono wa kulia, taratibu, kama anavyomrudishia mteja.

"Tayari," alisema.

Niliutundika ule ufunguo upande wangu wa pazia, juu ya cherehani, na sijali vumbi lake. Siku ya pili alikwenda kumalizia lile komeo la juu kwenye duka la dawa.